Maneno yanayotafuta kisa

Julai 1994 jarida la Marekani, The New Yorker, lilichapa kisa kifupi cha mwandishi Jack Winter kiitwacho How I Met My Wife. Mkasa wenyewe ni wa kila siku: mwanamume anaingia kwenye tafrija, anamwona mwanamke amesimama peke yake pembeni, anasitasita, anajipa moyo, anamwendea, wanaelewana. Hakuna mauaji wala fumanizi. Kilichokifanya kisa hicho kipendwe mpaka leo ni maneno yake. Winter aliyachukua maneno ya Kiingereza ambayo husikika katika ukanushi tu, akayavua ukanushi huo, kisha akayapanga yasimulie mapenzi.

Mwingereza humwita mtu aliyenuna "disgruntled". Asiyenuna hana jina. "Gruntled" halisemwi, ingawa P.G. Wodehouse alilichezea mwaka 1938 katika riwaya yake ya The Code of the Woosters. Nywele timtimu huitwa "unkempt", neno lililotokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kuchana. Mtu asiyejali ni "nonchalant". Basi mhusika wa Winter ni "chalant", mwanamke wake ana nywele "kempt", na msomaji anaelewa kila sentensi ingawa hajawahi kuisikia ikisemwa na mtu yeyote.

Kila ninapokisoma kisa hicho hunirudisha kwenye Kiswahili, kwa sababu nasi tunayo maneno ya namna hiyo. Tunasema "sina budi", "huna budi", "hatuna budi". Nani aliye nayo? Neno hilo lilitujia kutoka Kiarabu likiwa limeshafungamana na ukanushi, na mpaka leo hatujalifungua. Uzuri usio na kifani tunausifu harusini. Kifani chenyewe hakijaonekana. Asiye na mbele wala nyuma tunamjua. Mwenye mbele na nyuma je? Hata salamu yetu kuu ni ukanushi, hujambo na sijambo, kana kwamba kila anayeamka anatazamiwa kuwa na jambo.

Na tumpe kazi huyo mwenye budi. Kisa kifuatacho nimekitunga kwa njia ya Winter, ila kwa mali yetu wenyewe.

Pangani paliishi bwana mmoja aliyekuwa na budi. Wenzake wote hawakuwa nayo: hawakuwa na budi kuamka alfajiri, hawakuwa na budi kulipa ushuru, hawakuwa na budi kuwatembelea wakwe. Yeye budi yake ilijaa mtungi mzima, kauweka uvunguni mwa kitanda. Alikuwa na mbele, iliyotazama mto, na alikuwa na nyuma, iliyotazama minazi. Uzuri wa mkewe ulikuwa na kifani, nacho kilikaa mtaa wa pili: dada yake pacha. Ukimwamkia bwana huyo, "Hujambo?", hukujibu kwa uchangamfu, "Ninalo!", na kweli huwa nalo, akakukalisha barazani mpaka limalizike.

Siku moja balozi wa nyumba kumi alipita kukusanya mchango.

"Bwana, huna budi kutoa."

"Ninayo," akajibu bwana, akaingia ndani, akarudi na mtungi.

Balozi akachungulia. Hakuwa amepata kuiona budi maishani mwake. Akanusa, akakuna kichwa, akafuta jina la bwana kwenye daftari, akaenda zake.

Habari zikaenea mji mzima. Wa kwanza kupiga hodi alikuwa mama mmoja muuza samaki. "Baba, nasikia unayo. Wajomba wamekaa kikao, wamesema binti yangu hana budi kuolewa mfungo ukiisha, naye anataka kurudi shule. Nipimie hata kibaba." Bwana akampimia, na binti akarudi shule. Akaja mvuvi asiyekuwa na budi kumlipa tajiri mwenye jahazi. Akaja kijana asiyekuwa na budi kuoga maji baridi. Akaja mzee asiyekuwa na budi kufa. Kwa huyo bwana alisita, kisha akampa kijiko kimoja, na mzee akaishi mpaka baada ya mavuno.

Masika ilipoingia, kila nyumba ilikuwa na budi yake, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Mwokaji alikuwa na budi, mikate haikuokwa. Nahodha wa kivuko alikuwa na budi, abiria wakalala ng'ambo ya Bweni. Palipofiwa, majirani walikuwa na budi, kaburi likachimbwa na mtu mmoja. Usiku wa upepo mkali paa la bwana likaezuliwa. Akapiga ukelele wa kuomba msaada, na majirani wakamjibu kutoka vitandani, kwa upole kabisa: "Tunayo!"

Asubuhi akazunguka nyumba kwa nyumba na mtungi wake, akaikusanya budi yote, kibaba kwa kibaba, isipokuwa ile ya binti wa shule, ambaye alikuwa ameificha ndani ya daftari lake la hesabu. Akaipeleka pwani, akaimwaga baharini. Tangu hapo watu wa Pangani hawana budi. Samaki wanayo: kuna siku huja wavuni, kuna siku hawaji, na hakuna mvuvi awezaye kuwalazimisha.

Budi ni neno la herufi nne tunalolitamka kila siku bila kulitazama. Likipewa kisa linakuwa kitu cha kupimwa kwa kibaba, na linaonyesha lilichobeba siku zote: ule ulazima unaomwoza binti, ule ule unaomwamsha mwokaji na kumleta jirani paa linapong'oka. Hakuna somo la sarufi ambalo lingenifikisha hapo kwa haraka hivyo. Ndiyo maana naviheshimu visa hivi vifupi vya mchezo vinavyozaliwa na neno lisilo la kawaida, na ndiyo maana naona ni hasara kwetu kuwaachia Waingereza na Wamarekani mchezo huu.

Wao wameucheza muda mrefu. Charles Dodgson, mhadhiri wa hisabati wa chuo cha Christ Church, Oxford, ambaye dunia inamjua kwa jina la Lewis Carroll, aliandika mwaka 1855 ubeti mmoja uliojaa maneno yasiyokuwamo katika kamusi yoyote. Alikuwa na umri wa miaka 23. Ubeti huo aliuweka ndani ya Mischmasch, jarida la nyumbani alilolitengeneza kwa mkono ili kuwaburudisha ndugu zake. Mwaka 1871 ulikuwa umekua na kuwa shairi zima, Jabberwocky, ndani ya kitabu cha Through the Looking-Glass. Alisi, msichana wa kitabu hicho, analisoma shairi hilo na hapati maana yake. Baadaye anakutana na Humpty Dumpty, yai lenye majivuno lililokaa juu ya ukuta, nalo linamfafanulia kwamba baadhi ya maneno yale ni maneno mawili yaliyofungashwa pamoja, kama sanduku la safari lenye pande mbili. Humo ndimo lilimozaliwa "chortle", mchanganyiko wa kucheka chinichini na kukoroma kwa pua. Mwingereza wa leo hulitumia neno hilo bila kukumbuka kwamba lilitungwa kwa ajili ya mchezo wa watoto.

Sisi tunaishi ndani ya neno la namna hiyo. Tanganyika na Zanzibar ziliungana Aprili 26, 1964, na mwezi Oktoba mwaka huo huo nchi ikapewa jina lililoshona mianzo ya majina yote mawili. Mchezo ambao Carroll aliufanyia ndugu zake, sisi tuliufanyia taifa, na jina likashika. Carroll mwenyewe tunaye katika Kiswahili: mwaka 1940 E.V. St Lo Conan Davies alitoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akatoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Anayetafsiri kitabu cha aina hiyo hawezi kuhamisha mzaha kutoka lugha moja kwenda nyingine kama anayehamisha mizigo. Mzaha hauhamishiki; hutungwa upya kwa vilivyopo.

Edward Lear, mchoraji wa ndege na mandhari, alifanya la ajabu zaidi. Alilitunga neno "runcible" akalikabidhi kwa bundi na paka waliooana, wakawa wanalia chakula kwa kijiko cha "runcible". Kwingine akamwita hivyo paka, kwingine kofia. Hakueleza kamwe lina maana gani. Watunga kamusi wakaja baadaye kukitafutia kijiko kile umbo, wakasema ni uma uliopindwa mfano wa kijiko, wenye meno matatu. Neno lisilo na maana lilipata maana kwa sababu tu kisa kilipendwa.

Wako wanaoyafikia maneno adimu kwa njia ya kujinyima. Mwaka 1939 Mmarekani Ernest Vincent Wright alichapisha Gadsby, riwaya ya maneno zaidi ya 50,000 iliyotungwa kwa kuikwepa herufi "e", herufi inayotumika kuliko zote katika Kiingereza. Aliyejifungia maneno ya kawaida hulazimika kuyafukua yaliyosahaulika. Mswahili akitaka kujaribu, herufi ya kuiacha ni "a", na hapo ataiona lugha yake ilivyojengwa. Bila "a" hakuna na, kwa, ya wala wa. Hakuna yeye aliyetenda, maana nafsi ya tatu huanza na "a", na wingi wake huanza na "wa". Vitenzi vyetu vya Kibantu humalizika kwa "a" katika karibu kila wakati uliopo, uliopita na ujao. Kinachobaki ni ombi (nile, niseme, twende), kukataa kwa mimi na wewe tu (sili, husemi, siendi), na vitenzi vilivyotoka Kiarabu, ambavyo havimaliziki kwa "a" yetu. Nilipovipanga vilivyosalia nikapata sentensi hii: Nilirudi mjini usiku, nilifikiri, nilikiri, nilitubu. Hicho tayari ni kisa. Herufi moja imeondoka, na Kiswahili chote kimekuwa cha mtu mmoja anayerudi gizani kutubu. Mwandishi hakumtafuta mtu huyo. Lugha ndiyo iliyomleta.

Katika waandishi wote wa mchezo huu, aliye karibu nasi ni Roald Dahl. Alizaliwa Wales mwaka 1916, akaajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938 akapelekwa Dar es Salaam. Katika Going Solo, kitabu cha kumbukumbu alichokitoa 1986, anasimulia maisha yake Tanganyika, nyoka aliokutana nao na Kiswahili alichojifunza, mpaka vita vilipozuka 1939 akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Miaka mingi baadaye, mwaka 1982, alitoa The BFG, hadithi ya jitu jema linaloishi kati ya majitu yanayokula watu. Jitu hilo halikupata shule. Lilijifundisha kuandika kwa kusoma kitabu kimoja tu cha Charles Dickens, na maneno yanatoka kinywani mwake yamepinda na kugeuka, lakini hakuna anayeshindwa kulielewa. Kwa kuwa limekataa kula watu, hula mboga moja yenye ladha ya kuchukiza, iitwayo "snozzcumber". Hunywa "frobscottle", kinywaji ambacho mapovu yake hushuka badala ya kupanda. Msomaji mdogo hahitaji kuambiwa gesi ya kinywaji hicho itatokea wapi. Anaangua kicheko kabla ukurasa haujaisha, na neno limeshamkaa kichwani kwa maisha yake yote.

Naipenda heshima ambayo Dahl anampa jitu lake. Mtoto Sophie anaposahihisha maneno yake, jitu linaona haya, na msomaji anaona haya pamoja nalo. Mtoto yeyote aliyechekwa darasani kwa kukosea Kiingereza, au Kiswahili, anajikuta ndani ya jitu lile. Mchezo wa maneno umebeba maumivu ya kweli, na umeyabeba bila kuhubiri. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Oxford, kupitia matbaa yake, kilichapa kamusi nzima ya Dahl yenye maneno karibu 8,000, na takriban 500 kati ya hayo aliyabuni mwenyewe. Watoto wa shule hufungua kamusi kwa kulazimishwa. Ile huifungua kwa hamu.

Kuna neno jingine la Kiingereza lililozaliwa na kisa, na kisa hicho kimetoka upande wetu wa bahari. Januari 28, 1754 mwandishi Mwingereza Horace Walpole alimwandikia barua rafiki yake Horace Mann, akamweleza kwamba amebuni neno "serendipity" kutokana na hekaya ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, waliokuwa wakisafiri na kugundua mambo ambayo hawakuyatafuta, kwa bahati na kwa werevu wao. Serendip ni Sarandibu ya Waarabu na Waajemi, yaani Sri Lanka, kisiwa alichofikia Sindbad wa Alfu Lela Ulela. Majahazi yaliyoleta hekaya hizo pwani yetu yalisukumwa na pepo za kaskazi na kusi. Walpole alichukua kisa cha Bahari ya Hindi akakifanya neno, na leo wanasayansi hulitumia wanapoeleza walivyoipata dawa wakiwa wanatafuta kitu kingine.

Kiswahili kina ngekewa. Ni neno zuri, la bahati njema inayomwangukia mtu, na vijana wengi hawajawahi kulitamka. Kina chakubimbi, yule mpeleka maneno anayegombanisha nyumba mbili. Kina kimbaumbau, mtu mrefu mwembamba. Kina kisebusebu, na hili limenusurika kwa sababu lina kisa chake kifupi kuliko vyote, ile methali ya kisebusebu na kiroho papo: anayekataa kwa mdomo huku moyo unataka. Likiondolewa kwenye methali hiyo, nadhani lingekuwa limeshazikwa.

Maneno ya vifaa hayana shida hii. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa 2012, kila nyumba yenye televisheni ililazimika kununua king'amuzi, na neno lililokuwa geni likawa la sokoni ndani ya miezi michache. Sensa ya 2022 ikatembea na vishikwambi, kisha vishikwambi hivyo vikagawiwa walimu, na sasa hakuna anayeuliza maana. Tarakilishi, iliyotungwa kwa tarakimu na akili kwa njia ile ile ya Humpty Dumpty, haikupata bahati hiyo. Watu walikuwa wameshaizoea kompyuta kabla neno halijawafikia. Neno la kifaa hupata kazi dukani. Neno la tabia na la moyo halina duka la kuuzia. Ngekewa haitaletwa kwenye kontena wala kugawiwa na halmashauri. Kazi yake itatoka kwenye kisa, au haitapatikana.

Kwa hiyo nawaomba wahariri wa magazeti ya Kiswahili, Tanzania na Kenya, wanaolinda kwa uaminifu safu za mashairi, watenge pia pembe ya kisa cha nusu ukurasa kilichojengwa juu ya neno moja adimu. Walimu wa Kiswahili wanaoandika msamiati ubaoni na kuuliza maana, waulize pia: chakubimbi alifanya nini Jumanne, na nani alimwona? Mwanafunzi atakayejibu swali hilo kwa aya mbili hatalisahau neno baada ya mtihani. Julai 7, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa ya Kiswahili duniani, imezoea hotuba na makongamano. Ina nafasi ya kutosha pia kwa visa vya watoto kusomwa jukwaani.

Nawe msomaji, kama una kamusi nyumbani, ichukue leo. Ifungue popote, chagua neno usilolijua, litafutie mtu wa kulibeba na mji wa kuishi, uandike ukurasa mmoja, kisha mwite aliye karibu umsomee.